Cheti cha Kwenye Simu Hakikufanyi Dokta!

Wiki hii naongea na wenzangu na mie, tulioishia kidato cha nne lakini roho bado iko chuoni.

Jamani, chuo kikuu siku hizi kimehamia kwenye simu! Mei 2020, korona ilipopamba moto, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilitoa kozi ya bure kupitia Coursera: namna ya kuwafuatilia waliokutana na mgonjwa. Saa kama sita tu, mwalimu Dk. Emily Gurley, mwisho mtihani. Hakuna aliyekuuliza una divisheni gani.

Niliisoma kwa bando la kuungaunga, na mambo yake si ya kubabaisha. Ilifundisha kwamba mgonjwa wa korona huhesabiwa anaambukiza tangu siku mbili kabla hajaanza hata kukohoa. Mgonjwa anatengwa, aliyekutana naye, wakati ule, alikaa karantini siku 14. Na ukimpigia mtu simu kwa vitisho, atakuficha majina ya aliokaa nao, ugonjwa uzidi kukupiga chenga. Hiyo ndiyo afya ya jamii: humtibu mmoja, unauzuia mtaa mzima usiugue.

Sasa hapa ndipo watu wanapochemsha. Kule jimbo la New York, mwaka 2020, waliotaka ajira ya ufuatiliaji huo walitakiwa kwanza wafaulu kozi hiyo. Hapa Bongo karatasi ile haikupi kazi zahanati, wala ruhusa ya kumchoma mtu sindano. Kutibu kuna leseni yake, bwana!

Nina mshikaji mtaani katundika cheti cha namna hiyo ukutani. Akina mama wanamwita "dokta", wanampelekea watoto wenye homa, naye anaitika! Homa ya mtoto ikiwa malaria, kila saa anayopoteza kwa dokta wa ukutani ni saa ya hatari.

Kwa hiyo someni, tena sana. Ulizia kwanza malipo, maana mara nyingi pesa huombwa kwenye cheti. Kipindupindu kikibisha hodi mtaani, wewe ndiye utakayejua kuuliza: nani kaugua, kala wapi, kanywa maji ya kisima kipi? Kisha mkimbize mgonjwa hospitali.

Ila wakikuita dokta, usiitike! Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.