Somo la Mto kwa Miguu: Njia ya Bonde la Simiyu

Mwanachuo akipewa mada ya mito katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu huchora ubaoni mstari wenye mikunjo, akaandika "chanzo" upande mmoja na "mlango" upande wa pili, kisha akawataka wanafunzi wanakili. Katika shule za Bariadi mchoro huo una kasoro isiyoonekana na mkufunzi aketiye nyuma ya darasa. Mto aujuao mtoto wa huko hauna maji juu yake kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ni mchanga mpana uliojaa kwato za ng'ombe, na maji yako chini. Hufukuliwa, husubiriwa yajikusanye, kisha hutekwa kwa kata. Mtoto huyo autazamapo mstari wa ubaoni huuona mto wa nchi nyingine, naye huunakili kwa adabu.

Katika makala haya twaeleza jinsi tulivyojaribu kulitoa somo hilo ubaoni na kulipeleka katika njia ya miguu ifuatayo bonde la mto Simiyu, pamoja na kosa tulilolifanya tulipoanza.

Mto Simiyu huanzia katika nyanda za Serengeti, hupita katika mkoa uliopewa jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012, hupokea maji ya mto Duma, kisha huingia katika Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Speke. Njia tuliyoichagua ni sehemu ndogo tu ya bonde hilo. Wanachuo waliitembea kwa siku mbili, yapata kilomita 30, wakilala katika darasa la shule ya msingi ya njiani. Wanafunzi wa Darasa la Tano waliungana nao kwa kilomita 4 za mwisho. Kwenda mbali kwa miguu si jambo geni kwa Wasukuma, ambao zamani walisafiri hadi Ziwa Eyasi kufuata chumvi. Wageni wa miguu tulikuwa sisi wakufunzi.

Mwalimu hana budi kuipita njia yote yeye mwenyewe kabla ya kumpeleka mtoto yeyote, tena mara mbili, kiangazi na baada ya mvua. Mto wa msimu una hila. Mvua inaweza kunyesha mashariki, mbali na macho ya mtembeaji, na maji yakafika ghafla penye mchanga mkavu chini ya anga safi. Kwa hiyo tuliweka sharti kwamba hatuvuki mto ikiwa upande wa juu una wingu zito, hata kama shule iko ng'ambo na jua linazama. Tuliepuka pia sehemu za karibu na Pori la Akiba la Maswa, kwa sababu ya tembo. Barua kwa mtendaji wa kijiji na ruhusa ya wazazi ni mambo ya kawaida ambayo hatuna haja ya kuyaeleza.

Safari ilianza kilimani, si mtoni, na hapo ndipo tulipovuna zaidi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alipendekeza neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo liwe jina la jambo aliloliona katika Afrika Mashariki: udongo hubadilika kwa mpangilio ule ule kutoka kilimani hadi bondeni, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Neno hilo sasa limo katika vitabu vya dunia nzima. Lakini majina ya pete za mnyororo huo Wasukuma walikuwa nayo tayari. Juu, penye majabali na udongo haba, ni luguru. Chini yake ni luseni, udongo wa kichanga unaopenda mihogo, karanga na viazi vitamu. Halafu itogolo, ardhi ngumu ambayo jembe huilalamikia na ng'ombe huifurahia. Mwisho ni mbuga, udongo mweusi ambao hunata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Humo hulimwa pamba, mtama na mpunga.

Tuliwaagiza wanachuo wachukue konzi moja ya udongo kila walipohisi kwamba ardhi imebadilika chini ya nyayo zao, bila sisi kuwaambia mahali. Wenye asili ya mikoa mingine walikosea. Wenyeji walisimama pale pale penye mpaka. Mmoja wao, ambaye katika mtihani wa jiografia hakuwahi kupata alama nzuri, ndiye aliyewaongoza wenzake siku hiyo yote. Twakiri kwamba jambo hili lilitutia haya kidogo, maana mtihani huo tuliutunga sisi.

Bondeni miti huongezeka. Kuna mikuyu na mikwaju kando ya mto, na migunga nyuma yake. Ni rahisi kumwambia mwanafunzi kuwa huo ni msitu wa asili uliosalia, na wanachuo wawili walianza kusema hivyo. Tuliwainamisha watazame mashina. Mengi yalikuwa yamechipua kutoka katika visiki vya zamani, shina tatu au nne katika kisiki kimoja. Nchi hii ilifyekwa sana katika karne iliyopita, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Miti iliyorudi ilirudi kwa sababu watu walifunga maeneo. Desturi hiyo huitwa ngitili: eneo huachwa bila mifugo msimu wa mvua ili majani yawepo kiangazi, na miti nayo hupata nafasi ya kuinuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ndani yake ilikuwamo Bariadi, uliitegemea desturi hiyo badala ya kuileta mpya. Mwanafunzi akihesabu machipukizi ya kisiki kimoja amekwisha kujifunza nusu ya historia hiyo.

Sasa tulieleze kosa letu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika safari ya kwanza tuliona ni zoezi zuri la vipimo: wanafunzi wakapewa kamba ya mita 60, wakaivuta kutoka ukingoni, na kamba ikaishia katikati ya shamba la mahindi. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha akaeleza kwa sauti kubwa jinsi wakulima wasiojali wanavyoua mto. Alifundisha vizuri, kwa kadiri ya andalio lake la somo. Mvulana mmoja akanyamaza, na hakusema neno hadi tuliporudi shuleni. Shamba lilikuwa la baba yake.

Mvulana huyo hakuonekana darasani kwa siku nne. Tulikwenda nyumbani kwao pamoja na mwalimu mkuu. Baba yake alitupa viti, akaitikia salamu, kisha akasema, "Walimu wangu, mmemfundisha mwanangu kwamba mimi ni mwizi." Tuliomba radhi, na hatukujitetea. Baada ya kimya kirefu alituuliza kama tulikuwa tumeuliza mto ulikuwa wapi zamani. Hatukuwa tumeuliza.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyefundisha sehemu hiyo ya njia. Wanafunzi walimwamkia, akawaonyesha mkwaju ambao mizizi yake imening'inia ukingoni. Alisema kwamba zamani alifunga ng'ombe wake hapo, na ukingo ulikuwa mbele kabisa, mahali ambapo sasa ni mchanga mtupu. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilimega ukingo, na mafuriko ya baadaye yakaendelea kumega. Wanafunzi wakapima: kutoka mstari wa kwanza wa mahindi hadi ukingo wa leo, mita 23, kutoka ukingo wa leo hadi pale alipoonyesha, mita 31. Mwanawe ndiye aliyejumlisha. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba jumla ni 54, na bado zinapungua mita 6.

Mzee akacheka. "Basi hizo 6 ni zangu," akasema. "Nyingine mdaini mto."

Katika dakika hizo chache wanafunzi walikuwa wamepata mmomonyoko, kipimo, sheria na kumbukumbu ya mtu aliyeshuhudia. Sheria haikufichwa wala kupunguzwa nguvu. Ilisomwa pale pale, maneno yake yote, naye mzee akaisikiliza. Tofauti ni kwamba safari hii mtoto hakufanywa shahidi dhidi ya mzazi wake mbele ya wenzake. Wako wakufunzi wenzetu wanaoona kuwa tunamwonea haya mkulima. Sisi twaona kuwa mwalimu asiyeweza kuisema sheria mbele ya mwenye shamba hana haki ya kuisema mbele ya mtoto wa mwenye shamba.

Kwa wanaotaka kujaribu, twapendekeza wachague alama moja isiyohama, kama mti au jiwe, wapime kutoka hapo hadi ukingoni kila mwaka mara tu mvua zinapokwisha, na waandike tarehe na kipimo katika daftari moja la shule, wala si katika madaftari ya wanafunzi yanayoondoka nao. Sisi tumeuchagua mkwaju ule. Kipimo cha kwanza kilikuwa sifuri, kwa kuwa tayari umefika ukingoni, hivyo tumeongeza alama ya pili nyuma yake, kwenye ua wa minyaa. Mzee ametandaza matawi ya miiba kati ya ukingo na mahindi yake ili ng'ombe wasipite hapo, na majani yameanza kuota. Kamba imehifadhiwa katika stoo ya shule.