MKIMYA WA UKOO WA NYOTA

Piga picha ya harusi, uwapange watu watano mlangoni. Baadaye ukiitazama vyema wagundua kuwa yule aliyejitokeza mbele, anayeng'ara kupita wote, hakuwa jamaa hata kidogo. Alikuwa mpita njia. Na yule mzee aliyesimama kando peke yake, ndiye wa ukoo tangu zamani.

Picha ya namna hiyo iko mbinguni, katika kundi la nyota liitwalo Farasi. Nyota yake moja hata leo yaitwa Enif, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pua. Hapo, mwaka wa 1877, mwanafalaki Édouard Stephan wa Marseille, Ufaransa, alieleza juu ya madoa ya ukungu yaliyosongamana. Leo yajulikana kama Watano wa Stephan.

Kumbe si ukungu. Kila doa ni galaksi, yaani mji wa nyota mabilioni kwa mabilioni, kama huu wetu ambao jua letu ni moja tu ya wakazi wake.

Mgeni miongoni mwao

Kwa miaka mingi watano hao walidhaniwa ndugu. Lakini mwaka wa 1961, Margaret na Geoffrey Burbidge walipima mwendo wao, wakakuta mwendo wa mmoja, NGC 7320, ni mbali kabisa na wa wenziwe. Nuru yake hutufikia baada ya miaka kama milioni 40. Nuru ya wale wengine husafiri miaka kama milioni 290. Huyo basi ndiye mpita njia wetu.

Wanne waliobaki wana vishindo. Mmoja wao anajitupa katikati ya wenzake kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa kila sekunde, na gesi iliyo baina yao imegongwa hata ikapata moto. Aghalabu macho ya wataalamu yalikazwa huko penye zogo.

Pembeni yuko NGC 7317. Umbo lake ni la duaradufu, laini, rangi ya manjano ya nyota kuukuu. Hana mikono ya kujizungusha wala mkia uliovutwa. Ilikuwa rahisi kudhani kuwa huyu amefika jana, hajagusana na mtu.

Alama ya zamani

Mwaka wa 2018, Pierre-Alain Duc na wenzake walichunguza picha za darubini iliyoko juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, zilizonasa hata nuru iliyofifia mno. Pakatokea utando mwekundu hafifu, umeizunguka NGC 7317 na kuelekea kwa wenziwe. Ni nyota za kale, ambazo yaelekea zilimwagika galaksi hizo zilipovutana. Jambo hilo halitokei kwa siku moja. Huchukua mabilioni ya miaka.

Basi aliyedhaniwa mgeni ni mwenyeji wa kale, na historia ya ukoo mzima ikabidi itazamwe upya.

Julai 2022 darubini ya James Webb ilitoa picha ya Watano hao iliyoustaajabisha ulimwengu. Ukiipata, usiishie penye moto. Mtafute yule wa kando. Kimya kingi kina mshindo mkuu.