KATIBU, KURA NA MASHARTI: FUNZO KUTOKA KWA CHAMA CHA WATU WA KOMPYUTA

Mara nyingi chama hakivunjwi na kutoelewana kwa wanachama, bali huvunjwa na kutojulikana kwa njia ya kukata shauri. Vikombe vya kabatini havikosi kugongana. Jambo la maana ni kabati liwe imara. Makatibu na wanachama wa vyama vya msingi watafaidika kwa kutazama mambo yaliyoipata Debian, umoja wa watengenezaji wa programu za kompyuta.

Umoja huo ulianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Hauuzi kitu wala haugawi faida. Wanachama wake, waliotawanyika katika nchi nyingi, hujitolea kutengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuubadili. Kwa kuwa hapana anayelipwa mshahara na umoja, hapana awezaye kulazimishwa kufanya kazi asiyoitaka. Kwa hiyo nguvu pekee ya kuwaweka pamoja ni masharti waliyoyakubali wenyewe.

MASHARTI YALIVYO

Katiba yao ilipitishwa mwaka 1998 na imerekebishwa mara kadhaa. Mambo yake makuu ni haya:

(a) Kiongozi huchaguliwa na wanachama wote kila mwaka.

(b) Kamati ya Ufundi huamua mabishano ya kazi, lakini wanachama wote kwa kura wanaweza kuutangua uamuzi wake.

(c) Katibu huendesha kura, na pia hutoa tafsiri ya Katiba panapotokea ubishi.

(d) Akidi hupatikana kwa hesabu: kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama hugawanywa kwa mbili, kisha huzidishwa kwa tatu. Wakiwa wanachama 900, kipeuo ni 30, nusu yake 15, na akidi ni 45.

(e) Mpiga kura hupanga mapendekezo yote kwa kadiri anavyoyapenda, na daima huwapo nafasi ya kuyakataa yote.

(f) Kubadili nyaraka za msingi hudai watatu wanaokubali kwa kila mmoja anayekataa.

KATIBU MATATANI, 2008

Mwezi Desemba 2008 wanachama walibishana kama toleo jipya la mfumo wao litolewe likiwa bado lina programu ndogo za kuendeshea vifaa, ambazo wengine waliona zinakiuka ahadi ya umoja ya kutoa programu huria tu. Mapendekezo kadhaa yaliletwa. Katibu aliyaweka katika karatasi moja ya kura, akaamua pia kwamba baadhi yake yangehitaji wingi wa watatu kwa mmoja.

Hapo ndipo ugomvi ulipogeuka. Waliokuwa wakibishana juu ya programu wakaanza kubishana juu ya Katibu. Wengine walisema amechanganya maswali yasiyo ya namna moja. Wengine walisema Katiba imempa haki ya kuitafsiri, naye ameitumia. Katibu akajiuzulu mwezi huo huo. Hata hivyo kura haikuharibika, kwa maana Katiba ilikwisha kueleza kwamba nafasi hiyo ikiwa wazi, Mwenyekiti wa Kamati ya Ufundi hushika kazi. Kura ikamalizika, na toleo likatoka Februari 2009.

KURA YA MWENYEKITI, 2014

Mwezi Februari 2014 Kamati ya Ufundi ilipaswa kuchagua programu inayoziongoza nyingine zote mara kompyuta inapowashwa. Wajumbe wanane waligawanyika wanne kwa wanne, na Mwenyekiti, Bdale Garbee, akatumia kura yake ya uamuzi. Uamuzi ulikuwa halali. Lakini uhalali haukuituliza mioyo ya wote. Novemba mwaka huo wanachama walipiga kura wakaona hapana haja ya azimio la umoja mzima, na baadhi ya wasioridhika wakajitenga na kuanzisha mfumo wao, Devuan. Mwaka 2019 suala hilo lilirudishwa tena mbele ya wanachama wote.

MAFUNZO KWA VYAMA

Kwanza, Katibu anayeendesha kura na kuitafsiri Katiba kwa wakati mmoja amebeba mizigo miwili. Hata akitenda haki, aliyeshindwa atamshuku. Yafaa maneno ya azimio, na wingi wa kura unaotakiwa, vitangazwe na kujadiliwa kabla kura haijaanza.

Pili, masharti yaeleze mapema nani atashika kazi ofisa akiondoka ghafla. Kumtafuta mrithi katikati ya ugomvi ni kuzidisha ugomvi.

Tatu, kura ya Mwenyekiti humaliza shauri lakini haiwapatanishi watu. Jambo kubwa lililofungana kwa kura katika Kamati lapasa kupelekwa Mkutano Mkuu, muda ukiruhusu.

Nne, masharti hayana budi kutazamwa tena baada ya kila mgogoro. Mwaka 2022 Debian ilirekebisha utaratibu wa majadiliano, na pia ikaamua kwamba majina ya wapiga kura wa maazimio yasitangazwe pamoja na kura zao, ili mwanachama apige kura bila kuhofia lawama.

Chama chenye masharti yaliyo wazi hakiepukani na mabishano. Lakini mwanachama aliyeshindwa hujua ameshindwa kwa njia gani, na ni kwa njia gani aweza kulirudisha jambo lake.