Zifahamu Namba za Tairi Kabla ya Kubadilisha Magurudumu ya Gari la Barabara Mbovu

Wamiliki wengi wa magari yanayopita katika matope, mchanga na mawe hupenda kufunga matairi makubwa ili kuliinua gari. Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema kuzielewa namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi.

Kwa mfano, tairi lenye namba 265/70R16 lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, na hufungwa kwenye rimu ya inchi 16. Kipenyo chake ni takriban milimita 777. Likibadilishwa kwa 285/75R16, kipenyo hufikia milimita 834. Gari huinuka kwa milimita 28 tu, lakini kipimamwendo kinachoonesha kilomita 50 kwa saa huficha mwendo halisi unaokaribia 54. Hivyo, dereva huweza kuvunja sheria mjini bila kujua, huku breki zikielemewa.

Aidha, kwenye mawe, rimu ndogo yenye tairi la ubavu mrefu hupunguza mshtuko kuliko rimu kubwa.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia vipimo na uwezo wa kubeba mzigo vilivyoelekezwa na mtengenezaji, ambavyo kwa kawaida hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.