Baruapepe za cron

Baruapepe za cron ni ujumbe unaotumwa na programu iitwayo cron katika kompyuta zenye mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix, kama vile Linux. Kazi ya cron ni kuanzisha amri kwa saa zilizopangwa, bila mtu kukaa mbele ya kompyuta. Amri ikiandika maneno yoyote wakati inafanya kazi, cron huyakusanya na kuyatuma kwa mwenye kazi hiyo.

Historia

Cron ilionekana katika toleo la 7 la Unix, lililotolewa mwaka 1979 na Bell Labs ya Marekani. Mwaka 1987 Paul Vixie aliandika toleo jipya, ambalo ndilo msingi wa cron ya mifumo mingi ya Linux. Siku hizo kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi, na kila mmoja alikuwa na sanduku lake la barua ndani ya mashine hiyohiyo. Barua ya cron haikuhitaji kutoka nje, na mwenyewe aliikuta alipoingia kazini. Desturi hiyo imebaki hata katika kompyuta ya nyumbani, ambako pengine hakuna anayejua kwamba sanduku hilo lipo.

Namna inavyofanya kazi

Kazi huandikwa katika faili liitwalo crontab, kila kazi katika mstari wake:

30 2 * * * /usr/local/bin/nakala

Sehemu tano za mwanzo ni dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Kwa hiyo amri hii huanza kila siku saa 02:30 ya kompyuta, yaani saa nane na nusu usiku. (Anayesahau tofauti hii ya kuhesabu saa atashangaa kuona nakala zake zikichukuliwa asubuhi.)

Programu huandika kupitia mikondo miwili: mmoja wa matokeo ya kawaida, mwingine wa hitilafu. Cron haiitenganishi, yote huingia katika barua moja. Mpokeaji huwekwa juu ya orodha kwa mstari wa MAILTO= ukifuatwa na anwani. Mstari huo usipokuwepo, barua huenda kwa mtumiaji mwenye orodha, na kwa kawaida huhifadhiwa katika faili lililomo ndani ya /var/mail.

Kompyuta ikiwa haina programu ya kusafirisha barua, kama Postfix au Exim, cron ya Debian na Ubuntu hutupa matokeo na kuandika tu katika kumbukumbu za mfumo kwamba imeyatupa. Hata ikiwa nayo, watoa huduma wengi wa intaneti hufunga mlango namba 25 kwa wateja wa nyumbani, na seva kubwa za baruapepe hukataa barua zinazotoka moja kwa moja huko. Njia nyepesi ni kutumia programu ndogo kama msmtp, ambayo hukabidhi barua kwa seva ya akaunti ya kawaida kwa nywila.

Kupunguza barua

Kazi inayofanyika kila dakika tano na kuandika neno moja huleta barua 288 kwa siku. Wengi huchoka, kisha huongeza >/dev/null 2>&1 mwishoni mwa mstari au huandika MAILTO="". Njia zote mbili huzima hitilafu pamoja na kelele. Diski ya nje ikijaa, programu ya nakala italalamika kila usiku bila kusikika, na mwenye picha za familia atajua siku ambayo diski kuu imekufa.

Ni afadhali kuandika >/dev/null peke yake. Hapo matokeo ya kawaida hutupwa, lakini hitilafu bado hutumwa. Kwa kuwa programu nyingine huchanganya mikondo hiyo, ipo amri chronic katika kifurushi cha moreutils: hushikilia maneno yote na kuyaachia tu ikiwa kazi imeshindwa.

Ukimya

Cron hutazama maneno, haitazami kama kazi imefaulu. Kazi iliyoshindwa bila kuandika kitu haileti barua. Haileti barua pia kazi ambayo haikuanza kwa sababu kompyuta ilikuwa imezimwa, wala cron hairudii saa iliyopita. Anacron ilitengenezwa kwa ajili ya upungufu huo. Kwa nakala rudufu, basi, inafaa kazi moja ya kila wiki iandike tarehe na ukubwa wa nakala ya mwisho. Wiki ambayo barua hiyo haikufika, mwenyewe ana sababu ya kwenda kuangalia.

Mifumo inayotumia ratiba za systemd haitumi barua yenyewe. Maneno ya kazi husomwa kwa amri journalctl, na kinachopaswa kufanyika kazi ikishindwa hupangwa kwa OnFailure=.

Kujaribu mpangilio wa cron ni rahisi: huandikwa kazi ya kunakili faili lisilokuwepo, ianze baada ya dakika mbili. Barua isipofika, tatizo litafutwe katika usafirishaji kabla ya kuitegemea kwa nakala yoyote.