Fahamu: RAM ipi ya kuongeza kwenye kompyuta mpakato?

Bei ya RAM imepanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo, Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Kununua isiyofaa sasa kunauma zaidi.

Anza na modeli ya kompyuta yako. Nyingi zilizo nyembamba, zikiwemo MacBook za sasa, RAM yake imeunganishwa moja kwa moja ndani. Hakuna cha kuongeza. Penye nafasi, aina lazima ilingane: DDR4 ya kompyuta mpakato ina pini 260, DDR5 ina 262, na pengo lake liko mahali tofauti. Isipoingia kwa urahisi, fundi asiilazimishe.

Ukichanganya zenye kasi tofauti, kwa kawaida zote hufuata ya chini. Mimi ningechukua iliyotumika ya Samsung au SK Hynix kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Kisha ipime kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, dhamana ikiwa hai. Hata kosa moja linatosha kuirudisha dukani.