Kuhukumu Chakula Kikavu cha Paka: Sehemu ya Pili, Hesabu za Nyuma ya Mfuko

Katika makala iliyotangulia tulibainisha kwamba paka ni mla nyama kwa maumbile yake, si kwa hiari yake, na kwamba mwili wake hauwezi kujifanyizia vitu kadhaa ambavyo mwili wa mbwa hujifanyizia bila taabu: hawezi kuigeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, wala hajitengenezei taurini ya kumtosha, wala asidi ya arakidoni, ambayo huipata katika mafuta ya wanyama wenzake. Leo twapenda kuuchukua mfuko wenyewe, tuupe kisogo upande wa mbele wenye picha ya samaki na paka mwenye manyoya mang'avu, kwa kuwa picha si ushahidi, na tuyasome yale maandishi madogo ya nyuma ambayo wanunuzi wengi huyapita kama kwamba yaliandikwa kwa ajili ya mahakimu tu.

Humo mna jedwali litajalo protini ghafi, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu, na msomaji hudhani kwamba amekwisha kufunuliwa siri yote. Lakini utaratibu huo wa kukigawa chakula mafungu mafungu ulibuniwa Weende, karibu na Göttingen huko Ujerumani, katika miaka ya 1860, na Henneberg na Stohmann, ambao shughuli yao ilikuwa malisho ya mifugo. Na kipimo cha naitrojeni kitumikacho hata leo kilitolewa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, ambaye haja yake ilikuwa nafaka ya kupikia bia. Kipimo hicho hakiioni protini yenyewe. Hupima naitrojeni tu, kisha hesabu ipatikanayo huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa katika kila sehemu 100 za protini naitrojeni hukadiriwa kuwa sehemu 16. Kwa hiyo nyama ya kuku, na manyoya yake yaliyosagwa, na hata ngozi ya kiatu, vyote mbele ya kipimo hicho ni protini, ijapokuwa tumbo la paka haliafikiani na hukumu hiyo abadan.

Wapo walioijua dosari hii wakaifanya mtaji. Mwezi wa Machi mwaka 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada ililazimika kuvirudisha kutoka madukani mamilioni ya makopo na vifuko vya chakula cha paka na mbwa, baada ya wanyama kupatwa na maradhi ya figo na wengine kufa. Na uchunguzi ulipofanywa ikadhihirika kwamba unga ulioletwa kutoka China kwa jina la gluteni ya ngano ulikuwa umetiwa melamini, kemikali ya viwanda vya plastiki, ambayo thuluthi mbili za uzito wake ni naitrojeni tupu. Kipimo kikatoa hesabu ya kupendeza, na ndani ya figo za wanyama zikafanyika fuwele. Mwaka uliofuata hadaa hiyo hiyo ikazuka katika maziwa ya watoto wachanga nchini China, ndipo ulimwengu ukashtuka kwa kadiri iliyostahili kushtuka tangu mwanzo.

Tukikubali, basi, kwamba jedwali ni shahidi dhaifu, hata hivyo tusimnyime haki ya kusikilizwa, maadamu tunajua namna ya kumhoji. Sharti la kwanza ni kuyaondoa maji. Mfuko ulioandikwa protini 32 kwa 100 na unyevu 8 unazo sehemu 92 tu za kitu kikavu, na 32 ikigawanywa kwa 92 tunapata karibu 35 kwa 100. Kopo lililoandikwa protini 10, ambalo mnunuzi huliacha kwa dharau, lina unyevu 78, na 10 ikigawanywa kwa 22 zilizobaki tunapata zaidi ya 45. Sharti la pili ni kutafuta kile ambacho aghalabu hakiandikwi, nacho ni wanga: mfuko wetu ukiwa na mafuta 14, nyuzinyuzi 3 na majivu 7, jumlisha hizo pamoja na protini na unyevu, toa katika 100, nazo zitabaki 36, ambazo ni wanga uliokaa kimya. Tusiseme kwamba wanga ni sumu, kwa sababu paka huumeng'enya vizuri ukiisha kupikwa; ila panya hana wanga wa kutajika, nao umo mfukoni kwa sababu ya mtambo, ambao huusukuma unga kwa joto na kani mpaka ukafura, na punje haishikamani vyema pasipo wanga wa kuigandisha. Wale wanaojisifu kwamba chakula chao hakina nafaka wametia njegere au viazi, na mtambo umeridhika.

Kuhusu orodha ya viungo tutasema machache. Hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, basi kuku mbichi, ambaye maji yake ni karibu sehemu 70 kwa 100, hutangulia mbele ya unga wa nyama uliokaushwa, ambao huenda una protini nyingi kuliko yeye. Na mahindi yakigawanywa kuwa unga, pumba na gluteni, kila fungu huonekana dogo.

Neno lenye uzito kupita yote ni lile lisemalo kama chakula hiki ni kamili au ni cha nyongeza. Watu wa pwani watatuambia kwamba paka wao wamelelewa kwa vichwa vya samaki na hawana dhiki, na ni kweli, lakini paka huyo hujiongezea panya, ndege na mijusi kwa juhudi yake mwenyewe, ilhali yule afungiwaye ghorofani hana ila atiliwacho katika kibakuli. Huko Marekani wenye kuweka viwango, yaani AAFCO, hutaka protini isiyopungua 26 kwa 100 ya kitu kikavu kwa paka mzima, na 30 kwa mtoto. Na taurini 0.1 katika punje, lakini 0.2 katika kopo. Hesabu hizi za taurini zina historia ya msiba: mwaka 1975 ilithibitishwa kwamba upungufu wake huharibu macho ya paka, na mwaka 1987 Paul Pion na wenziwe wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba hutanua moyo na kuudhoofisha, katika paka waliokula vyakula vya dukani vilivyotimiza viwango vya wakati ule. Ndiyo sababu mimi huupendelea mfuko usemao kwamba chakula kimejaribiwa kwa paka hai, japokuwa jaribio lenyewe kwa paka wazima ni la paka 8 na majuma 26, muda mfupi kwa mnyama awezaye kuishi miaka 15.

Limebaki suala la maji, ambayo katika punje hayazidi sana sehemu 10 kwa 100 ilhali katika panya ni karibu thuluthi mbili, na madhara yake kwa kibofu cha paka tutayaeleza, inshallah, juma lijalo.